Mgeni Asiyetikisa Kikombe

Hili lilinikuta mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Bawshar, Maskati, mwishoni mwa miaka ya tisini, tena mchana kweupe. Ukitaka kucheka, cheka. Na mimi nilikuwa mchekaji.

Mwanangu Nassor aliugua akiwa na mwaka mmoja. Nikiwa naye peke yangu hospitali, niliweka nadhiri: akipona, sinywi tena. Akapona, nami nikaacha, miezi minane. Kisha Mwingereza mmoja wa kazini akahama nchi, akaniachia ndoo yenye kifuniko na kopo la shira ya kimea, nyeusi, nzito kuliko asali, ya kutengenezea ile bia yao chungu niliyoizoea nilipokuwa nikisoma kwao. Nikajiambia, nadhiri ilikuwa ya kutokunywa, kupika sikukutaja. Unaiona akili ya mtu?

Mke wangu Zuwena alipokwenda kwao, nikachemsha shira na sukari, ikapoa, nikatia hamira, nikaificha stoo tunamoweka tende. Joto la Maskati lingeiharibu, basi nikawasha kiyoyozi humo usiku na mchana.

"Tende nazo zataka AC?" Zuwena aliniuliza aliporudi.

"Zinaingia wadudu," nikasema.

Siku ya tano sikuweza kutulia. Kila mara naenda kusikiliza kibomba cha kwenye kifuniko kinavyotoa hewa: bluk, kimya, bluk. Zuwena amelala, Nassor anacheza miguuni kwangu, mlango ukabishwa. Mzee, kanzu nyeupe, kilemba, hana tone la jasho na jua lile. Mgeni haulizwi shida yake kabla ya kahawa, nikamkaribisha. Kwetu aliyetosheka hutikisa kikombe. Huyu akanywa, akaninyooshea. Nikamimina. Akaninyooshea tena. Wallahi nilimimina mpaka birika likakauka.

"Imekwisha, mzee wangu," nikasema kwa haya.

"Ipo nyengine. Nnaisikia inapumua."

Nikaliweka birika chini. "Ile si ya kunywa."

"Ndivyo ulivyosema hospitali?"

Niambie wewe: chumba kile tulikuwa wawili, mimi na mtoto asiyejua kusema. Nani alimweleza? Na Nassor, anayewakimbia hata wajomba zake, akamwendea, akakaa mapajani pake. Mzee akampapasa kichwa.

"Huyu ulimkomboa. Sasa wataka kumrejesha?"

Nilipiga ukelele. Zuwena akatoka chumbani mbio. Mzee hayupo, na mlango haukufunguliwa. Nassor kakaa peke yake, mwili unamchemka, homa ile ile. Nikaibeba ndoo, nikaimwaga uani mbele ya mke wangu, nikamweleza yote huku nalia. Homa ilishuka Magharibi.

Zuwena hakugomba. Alifunga nguo zake na za mtoto, akaenda kwa kaka yake huko Wattaya, akarudi baada ya miezi minne. Tunaishi vizuri, ananipikia, ananitania. Lakini hajaniacha tena na Nassor peke yetu. Kijana sasa ana ndevu. Tukienda kwa kinyozi, mama yake hukumbuka ghafla kuwa ana shughuli njia hiyo hiyo. Simlaumu.

Basi wewe uliyeweka nadhiri, usiitafutie ujanja. Mwanangu yu hai, namshukuru Mungu. Lakini mpaka leo sijui kijana huzungumza nini mama yake asipokuwapo.