Mkono wa Mgeni Kinywani mwa Ngari

Mukiri wa Muthara hakumpa mtu mkono kabla ya kuutazama kwanza. Aliangalia kucha, akaangalia kama kiganja kina sugu, ndipo akasalimu. Majirani walisema mzee amezoea kukagua miraa mpaka anakagua na watu. Yeye hakucheka. Alijua kilichowahi kutoka katika mikono ya watu, na sehemu kubwa ilikuwa imekuja usiku.

Shamba lake lilianzia nyuma ya jikoni likateremka hadi kijitoni. Miti mingine ilipandwa na babu yake, na miraa ya miti mizee ndiyo wezi huipenda. Mwizi wa miraa haji na rungu. Huja na kipande cha nyama kilichotiwa sumu, akakirusha juu ya ua, akangoja. Asubuhi mwenye shamba hukuta matawi yamebaki uchi na mbwa amekauka kando ya lango. Kwa sababu hiyo mbwa wa Mukiri walianza masomo wakiwa bado wanayumba wakitembea. Mzee aliwaita watu ambao mbwa hawawajui, akawapa nyama iliyopakwa pilipili kali, nao wakawapa watoto wa mbwa kwa sauti tamu. Mbwa akishaungua ulimi mara kadhaa huelewa: kisichotoka katika bakuli la nyumbani si chakula, na mkono usio wa nyumbani si mkono.

Dume aliyekuwa naye sasa aliitwa Ngari, yaani chui. Kila dume mkubwa wa ukoo huo aliitwa hivyo tangu siku za baba yake Mukiri, aliyekuwa akiteremka nao nyikani kuwinda nungunungu na nguruwe mwitu, mbwa wamevaa kengele za chuma shingoni, na wanawake waliobaki nyumbani wakijua kwa mlio wa kengele kama leo kuna nyama. Enzi hizo mbwa hakununuliwa. Ulikwenda kwa mwenye mbwa na kibuyu cha asali, ukaketi, ukazungumza habari za mvua, na mtoto wa mbwa ulimpata siku ambayo mwenyewe aliona unafaa. Siku hizi mbwa hupigwa picha akiwa amefungwa utepe, picha ikatumwa kwenye simu, na mtu asiyejua hata mbwa analala upande gani akatuma pesa.

Ngari ndiye aliyekuwa wa mwisho. Watu wa Tigania waliokuwa wakileta majike yao kwa Mukiri sasa waliyapeleka Embu, kwa mtu aitwaye Munene, mwenye dume la Kijerumani lenye mgongo ulioinama kama mteremko. Ngari alikuwa na miaka yake. Asipopata jike zuri mwaka huu au ujao, jina hilo lingekwisha naye.

Ndiyo maana Mukiri, ambaye hakuamini vyama, alijiunga na chama cha wafuga mbwa wa milimani. Chama kilikuwa kimeanzisha cheo kipya, Bingwa wa Pande Mbili: mbwa apite uwanja wa sura, kisha apite uwanja wa kazi, siku moja, mbele ya watu. Mbwa atakayepata cheo hicho, watu watamfuata hata kama anakaa mwisho wa barabara. Mukiri alilitaka jina hilo kwa ajili ya Ngari. Wakati huohuo aliamini kwamba kitu kizima kimetungwa na watu wa Embu ili kimnufaishe Munene.

Mkutano wa kujadili masharti ulifanyika Runyenjes, katika ukumbi wa kanisa, mbwa wakiwa wamefungwa nje kwenye ua wa mibuni. Aliyeongoza alikuwa Veronicah, muuguzi mstaafu mwenye shamba la chai, mwanamke asiyependa kelele.

"Malalamiko ni mawili," alisema. "Wengine wanasema cheo hiki ni ghali. Wengine wanasema si cha haki. Tuanze na gharama."

"Hilo ni lalamiko moja," Mukiri alisema. "Mimi nalipa kiingilio cha sura, na mbwa wangu hana shida ya sura. Ana shida ya wezi. Ile pesa yangu inamlipa nani? Inamlipa jaji wa kutoka Nairobi aje kuangalia manyoya ya mbwa wa Munene."

Munene alikuwa amevaa koti la ngozi na alikuwa na tabia ya kucheka kabla hujamaliza. "Mbaite," alisema, akimwita kwa jina la utani la Wameru, "pole pole. Na mimi nalipa kiingilio cha kazi. Yule jamaa wa kuvaa mkono wa gunia ang'atwe, unafikiri anang'atwa bure? Mbwa wangu anaoshwa, anakatwa kucha, anakula chakula cha kununua. Wako anakula ugali. Hebu niambie nani ametoa zaidi."

"Wako analala wapi?"

"Sebuleni."

"Basi analinda kochi."

Ukumbi ulicheka, na Munene alicheka kuliko wote, jambo lililomfanya Mukiri amshuku zaidi. Mtu aliyetukanwa akafurahi ana akiba mahali.

Barre, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Maua, alisimama nyuma karibu na mlango. Alikuwa na mbwa wa kulinda zizi lake. "Mimi mbwa wangu ana sikio moja na nusu," alisema. "Hiyo nusu ingine iko kwa fisi. Sasa nauliza, kwa sura atapewa nini?"

"Nusu," alisema Munene.

Walipomaliza kucheka Veronicah alisoma sharti la sura ambalo watu walikuwa wameshatumiwa kwenye simu: jaji atamshika mbwa mwili mzima na kumfungua kinywa aone meno. Mbwa atakayeng'ata ataondolewa. Atakayekataa kushikwa atapoteza alama, lakini ataendelea.

Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Mukiri alisimama.

"Mbwa anayemkubali mgeni atie mkono mdomoni si mlinzi. Mnaniomba nilete mbwa wa kazi, halafu mnamkata alama kwa sababu anafanya kazi."

"Mbwa asiyeshikika hata daktari hawezi kumtibu, Mzee," Veronicah alisema.

"Sawa. Basi upande wa kazi nao muweke kitu cha haki. Mtu asiyejulikana amrushie mbwa nyama. Akila, ameanguka, hata kama ni mzuri kama bibi harusi."

Kulikuwa na minong'ono. Munene alijikuna kidevu, akasema hana neno. Watu wakanyoosha mikono, sharti likapita, likaishia hapohapo ukumbini bila kutumwa kwenye simu. Njiani Mukiri alipiga hesabu yake kimyakimya. Kwenye sura Ngari angekataa kushikwa, angepoteza alama chache. Kisha nyama ingetupwa, na mbwa wote wa sebuleni wangeila. Angebaki Ngari peke yake.

Hakumwambia mtu nyumbani, hata binti yake Kaari, aliyefundisha chekechea na ndiye aliyemtunza mzee tangu mkewe afariki. Kaari alikuwa mtoto mwema, lakini alikuwa na marafiki wengi, na simu yake haikunyamaza. Neno likiingia Muthara jioni, asubuhi liko Embu. Munene akijua jinsi mzee anavyolitegemea sharti hilo, angemfundisha mbwa wake kukataa nyama. Kwa hiyo Kaari alipouliza mkutano ulikuwaje, alimjibu, "Walipiga kelele," akaenda kufunga lango.

Wiki zilizofuata aliona mambo ambayo hakuyapenda. Ngari alikuwa akienda na Kaari sokoni, naye hakuwa mbwa wa soko. Siku moja kijana wa bodaboda alipita akamwita mbwa kwa jina, na mkia wa Ngari ukatikisika. Mukiri alimkodolea macho yule kijana mpaka akatokomea. Alihesabu kichwani watu ambao huenda Munene amewatuma. Kaari hakuwemo katika hesabu hiyo.

Siku ya mashindano uwanja wa Embu ulijaa watu kuliko mbwa. Jaji alikuwa daktari wa mifugo, mtu mrefu mwenye mikono myeupe isiyo na sugu hata moja; Mukiri aliitazama. Ngari alipoitwa, mzee alishika kamba kwa mkono mmoja, akajiandaa kusikia mngurumo. Kwa kweli aliungoja kwa hamu.

Daktari alimpapasa mbwa kichwani, akashuka mgongoni, akapima miguu. Ngari alisimama kama aliyechongwa. Kisha daktari akatia vidole kando ya mdomo, akainua mdomo wa juu, akafungua kinywa chote. Ngari alikipanua mwenyewe, kama mtoto kwa daktari wa meno.

Watu wa Muthara walipiga makofi. Barre alipiga mluzi. "Safi sana," alisema daktari. "Mbwa wa kijijini mwenye adabu kama huyu sijaona."

Mukiri alimtazama Ngari kama mbwa wa mtu mwingine. Alama za sura zilisomwa, Ngari akawa wa pili nyuma ya mbwa wa Munene, naye mzee hakuzisikia.

Kwenye uwanja wa kazi Ngari alimwendea mtu wa mkono wa gunia bila woga, akamshika, akamwachia alipoamriwa. Kisha akatokea mwanamume asiyejulikana, amevaa kofia, akatupa kipande cha nyama kwenye nyasi. Ngari alikinusa. Alikila. Halafu akageuza kichwa, akatafuta katika umati mpaka akamwona Kaari, akatikisa mkia, akingoja asifiwe.

Kaari alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Mbwa wa Munene alifuata. Alikinusa kipande chake, akakigeuzia mgongo, akaketi. Bila shaka alikuwa ameshiba tangu asubuhi, au hajui nyama mbichi ni kitu gani. Mukiri alifungua mdomo apinge, akakumbuka sharti hilo lilitoka kwa nani.

"Mbaite," Munene alimwambia akipita na utepe wake wa ushindi, "wazo lako lilikuwa zuri sana."

Nyuma ya hema Mukiri alimkuta binti yake.

"Nani alikuwa anamlisha?"

"Baba, masharti yaliyokuja kwenye simu yalisema atafunguliwa kinywa. Nilijua atakataa, na nilijua unavyoutaka huu ushindi. Nilianza mimi mwenyewe, kisha nikampeleka sokoni. Nilikuwa natoa vipande vya nyama, mtu anamlisha kidogo, halafu anamfungua kinywa taratibu."

"Mtu gani?"

"Watu tu. Mama wa mitumba. Vijana wa boda."

"Wote hao sasa wanajua kwamba mbwa wa Mukiri anakula nyama ya mgeni. Katika hao wote, wangapi wanajua njia ya shamba letu?"

Kaari aliuliza bila kuinua sauti, "Na mbona hukuniambia kutakuwa na nyama? Ulitoka Runyenjes ukaniambia walipiga kelele."

Mzee alitafuta wa kulaumu kila mahali alipozoea kumpata, na kila alipogeukia alijikuta yeye mwenyewe amesimama.

Barre aliwafuata wakati wanamfunga Ngari kwenye gari la kukodi. "Mzee, jike langu litakuja Muthara. Lile la sikio zima."

Mukiri akautazama mkono wa Barre. "Kwa nini?"

"Nimeona vile huyu ameenda kwa yule mtu wa gunia. Hiyo ndiyo inazaliwa. Hiyo ya nyama ni malezi tu."

"Unataka nini?"

"Nataka watoto wa mbwa."

"Na nini kingine?"

Barre alifikiri. "Chai, kama itakuwepo."

Mukiri alimtazama, akitafuta kilichofichwa nyuma ya chai. "Usimlete sasa," alisema hatimaye. "Mlete mvua ikishapita. Sitoi mtoto wa mbwa anayekula kwa kila mtu. Kwanza nimrudishe Ngari katika mafunzo yake." Alijua Ngari hakuwa na mvua nyingi za kungoja. Bado alisema hivyo.

Kesho yake asubuhi alikaa jikoni akitwanga pilipili, macho yakimtoka machozi. Kazi ilikuwa ngumu kuliko zamani. Wale wa kuitwa kumpa mbwa nyama ya pilipili walipaswa kuwa walewale waliompa nyama tamu, mama wa mitumba na vijana wa boda, mmoja mmoja, ili Ngari ausahau kila mkono aliouzoea. Mzee hakuwajua. Aliyewajua kwa majina alikuwa mmoja tu katika boma hilo.

"Kaari."

Alikuja akipangusa mikono kwa kanga.

"Uwatafute wote. Usimruke hata mmoja. Na usiwaambie ni kwa nini."

"Nitawaambia," Kaari alisema. "Nikiwaficha watampa nyama tamu kwa siri kwa kumhurumia. Na wewe, ukiwa na sharti lingine mfukoni, nitolee leo."

Mukiri alimwashiria anyooshe mkono, akautazama kama alivyotazama mikono yote. Kwenye vidole viwili palikuwa na makovu madogo ya meno, yaliyoanza kufifia. Ngari alikuwa amemkatalia sana mwanzoni. Mzee akamwekea kiganjani mkebe wa pilipili, akaenda langoni kuona nani anapita.