Nilivyouza nafasi yangu ya kaburi pembeni ya mke wangu

Mwakeye wakuu. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea kwa jumla. Haya yamenipata mwenyewe, wala siyo ya "rafiki yangu mmoja".

Nina eneo la makaburi, mlimani kidogo kabla ya kufika Mwandiga. Lilikuwa shamba la mihogo la marehemu baba. Mihogo ilinishinda, nikahamia zao lisilotegemea mvua.

Biashara hii ina mambo yake. Karibu na barabara bei iko juu, maana wabebaji hawatoki jasho. Penye mwamba, wachimbaji hawagusi sururu mpaka waone wali na nyama.

Ila pesa yenyewe iko kule juu unakoliona ziwa, lake view. Marehemu haoni kitu, lakini wafiwa wanaona, na wao ndio wanaolipa.

Mke wangu nilimzika huko juu. Kabla hajafa nilimwahidi nitalala pembeni yake, nikaacha nafasi.

Mwaka jana wakaja vijana wawili kutoka Tabora, wamemleta baba yao azikwe nyumbani. Wanataka ziwa. Huko juu kumejaa, imebaki yangu tu. Wakataja bei mara mbili ya kawaida.

Wakuu, niliuza. Nikajiambia mimi bado mzima, nitapata pengine. Hata marehemu ni nani sikuuliza.

Siku ya maziko, picha ikatangulia mbele ya jeneza. Sura ile naijua! Ndiye aliyemchumbia mke wangu kabla yangu, mbuzi wake wakarudishwa kwa sababu yangu.

Binti yangu Adela akaninong'oneza: "Baba, umemuozesha mama upya."

Baada ya maziko nikamwomba kijana mkubwa tumhamishe, nirudishe pesa yote.

"Mzee wangu, baba ametulia," akasema. "Na jirani yake tumesikia alikuwa mama mstaarabu sana."

Nikakosa hata haki ya kukasirika. Hakuna aliyenidhulumu.

Kibaya zaidi, bei ile ilikuwa na palizi ndani yake. Kila Jumamosi napanda na jembe, nampalilia mke wangu, kisha nampalilia na huyo bwana. La kwake nalilipua haraka haraka, halafu naona aibu, narudia.

Funzo: ahadi uliyompa marehemu usiiuze, eti kwa kuwa hawezi kuja kuidai.

Mwenye uzoefu wa kuhamisha kaburi anishauri. Wa kunicheka nao wakaribie, ila wapange foleni nyuma ya Adela.