Tuliitwa Picha

Juzi nilirudi Kariobangi kutafuta jiko, maana haya ya supamaketi ni bati la kudanganyia maharusi, nikamkuta mwalimu wetu wa michezo amekaa kwa kinyozi. Amezeeka, tumbo limemtangulia, na bado anadanganya. Alikuwa akiwaambia vijana kwamba kaka yangu mkubwa alitengenezwa na yeye. "Ule mkono niliukunja mimi," anasema. Nilimwangalia kama unavyoangalia nzi kwenye chai ya mtu mwingine.

Wacha nikueleze wewe. Kaka alijifunza kurusha kwa mchezo wa kati, na kati ni ya wasichana. Wawili wanasimama huku na huku na soksi iliyoshindiliwa juala, ile mifuko ya plastiki, mmoja anaruka katikati, akigongwa ametoka. Tuliishi nyuma ya mafundi wa sufuria, nyundo ngo ngo ngo tangu alfajiri, mpaka ukienda mahali pa kimya masikio yanakuuma. Jioni, baada ya kumkandia nyanya yetu unga wa mandazi ya kuuza, kaka alikimbilia wasichana. Soksi yake ilipinda hewani. Ukiruka kushoto, inakufuata kushoto. Wavulana walimwita Sista. Na mwalimu, huyu huyu wa kwa kinyozi, alimkuta siku moja akirusha, akamchapa mbele ya darasa zima, eti mwanamume hucheza kwa miguu. Huko ndiko kumkunja mkono anakosema.

Miaka hiyo ya tisini alikuja mzungu mmoja wa kanisa, na gunia la glavu za ngozi, anataka kufundisha watoto beisiboli. Kwenye mchezo wao, yule anayerusha mpira jina lake, likipita masikioni mwetu, ni picha. Mzungu akamwambia mwalimu anatafuta picha. Mwalimu, ambaye alitutoa malengelenge kwa fimbo kwa sababu ya Kiingereza (mimi ndicho kilichonitoa shule, lakini hayo tuyaache), akatangaza paredi: "Kesho kuna picha. Mje mmependeza, zinaenda ng'ambo."

Mama za watu walikimbilia mitumba ya Gikomba. Nyanya alimwazimia kaka koti la jirani yetu mchonga vinyago, koti alilofungia ndoa. Ndani yake shati lilikuwa na kola na kifua tu. Mgongo nyanya alikuwa ameukata zamani akafanya kitambaa cha kufunikia mandazi.

Basi kesho yake uwanja mzima unang'aa mafuta, mwalimu na tai yake mbele, na mzungu anatoa mpira. Akaeleza tena, polepole, kama anayesema na wagonjwa: atakayerusha vizuri atafundishwa kila Jumamosi, na akiiva, shule ya ng'ambo inamngoja. Mwalimu hakuona haya. "Nilijua," akasema, akamsukuma mbele mtoto wa dada yake. Mpira ukaenda kuua maua ya hedimasta.

Ni wasichana wa kati waliopaza sauti. "Mwite Sista!"

Kaka akaja. Koti likamshika kwapa, mkono haukupita sikio, mpira ukaanguka miguuni pake. Mzungu akamwonyesha kwa ishara avue. Kaka akashikilia vifungo. Alijua kilichoko nyuma, au tuseme kisichokuwako. Nikaona anaanza kurudi mstarini.

Nyanya alikuwa kwenye ua na ndoo yake ya mandazi. Hakupiga kelele. "Vua, baba. Hiyo mgongo nilikata mimi. Wakicheka, wananicheka mimi."

Akavua. "Oya, shati iko na dirisha!" Shule nzima ikaanguka, na mwalimu alicheka kuliko watoto. Kaka akarusha. Mpira ukaenda kama unampita mzungu, halafu ukapinda, ukalia kwenye glavu yake kama nyundo ya kwa mafundi. Kicheko kikakatika. Cha mwalimu kilichelewa kidogo.

Alienda Jumamosi zote, akaenda hiyo shule, akaishia timu ya kulipwa, ya mji mdogo ambao hata mzungu huyo hakuujua. Akatuma picha moja. Amepigwa kwa nyuma, jina letu limeandikwa mabegani, mgongo mzima umefunikwa. Nyanya aliitundika juu ya jiko mpaka moshi ukaila.

Nyanya hayupo sasa. Uwanja ni maghorofa, juala zimepigwa marufuku, wasichana wanatazama simu, na mafundi wenyewe wamebaki wachache, sufuria zinatoka kiwandani zimenyamaza. Kilichobaki kizima ni mwalimu.

Akanitambua pale mlangoni. "Si wewe ni ndugu yake? Huna picha yake niwaonyeshe hawa?"

"Mwalimu," nikamwambia, "picha ulikuwa naye darasani, ukamchapa."

Akacheka, akawageukia vijana awaeleze nilichosema. Hakuwa ameelewa. Nikaenda kununua jiko langu.