Fagio na Taa Mbili Nyekundu

Ofisini wanamwita Fagio, na hajawahi kukasirika, maana ni kweli. Ni mama wa watoto wawili asiyevumilia kitu cha ziada. Kijiko kisicho na mwenyewe kinatupwa. Mfuniko uliopoteza sufuria yake unatupwa. Mumewe ana chaja ya akiba ameificha ndani ya buti la mvua, na tafadhali hamjasikia kwangu.

Mama yake mzazi huwaambia watu, "Binti yangu yuko kwenye kompyuta," kama vile kapanda juu yake na miguu inaning'inia. Ukweli ni kwamba anafanya kazi kwenye kampuni ndogo inayotengeneza kompaila, yaani programu inayochukua maandishi ya watu na kuyageuza kuwa amri ambazo mashine inazielewa. Humo ndani Fagio ana hatua yake moja tu. Ukiandika kwamba T ni nakala ya A, halafu mbele ukaitumia T, yeye anaifuta T na kuweka A yenyewe. Ya nini kumtuma mjumbe na mwenye maneno yupo?

Anafuta bila woga kwa sababu katika hatua hiyo kila jina hupewa thamani sehemu moja tu ya programu, basi nakala haiwezi kutofautiana na asili yake. Na pale njia mbili za programu zinapokutana, kompaila inaweka alama ya kuchagua: ukitokea huku chukua hiki, ukitokea kule chukua kile. Alama zote za hapo zinachagua kwa pamoja, kufumba na kufumbua. Shida ni kwamba mashine yenyewe haizijui alama hizo. Kwa hiyo mwishoni kabisa, jamaa wa meza ya pili, wanayemwita Mlango, anazigeuza kuwa amri za kawaida za kunakili, moja baada ya nyingine.

Sasa asubuhi moja wamewasha mezani taa mbili za majaribio, mfano wa zile za kuongozea magari, ndogo kama vifuniko vya soda. Programu ya mteja ni nyepesi: A kijani, B nyekundu, kisha zibadilishane, tena na tena. Zikabadilishana? Thubutu! Zote zikawa nyekundu na zikaganda.

"Hiyo foleni wataifungua wajukuu," Mlango akasema.

Bosi akaizima hatua ya Fagio, akajaribu upya. Taa zikaenda vizuri kabisa. Macho yote yakamgeukia mama wa watu.

"Mteja anakuja saa nane," bosi akasema. "Ikiwa bado, hatua yako tunaitoa, programu ivimbe, naye mteja anunue kifaa chenye nafasi kubwa zaidi. Na wewe utarudi kwenye simu."

Simu ni ile meza ya kuwauliza wateja kama wamechomeka waya. Fagio aliikalia miaka miwili kabla hajapewa kompaila. Alivuta kiti hadi kwa Mlango.

"Usinikalie na uso huo, dada yangu. Kwangu ni safi."

"Hata kwangu ni safi. Nisomee ulichotoa."

"A ichukue ya B. B ichukue ya A. Haya, kosa liko wapi?"

"A ipi?"

"A hiyo hiyo."

"Ambayo sasa hivi umeijaza ya B?"

Mlango akaifungua programu ya mteja. Kisha akasoma alichoandika mteja. "Ngoja kwanza. Huyu alikuwa na T. Aliiweka A pembeni kwenye T, ndipo akabadilisha. T iko wapi?"

"Nimeifuta."

"Ahaa! Mwizi kapatikana!"

"Mwizi nani, bwana? Ndani kule T haikuwa na kazi. Alama zinachagua kwa pamoja, hakuna anayemfutia mwenzake. Wewe ndiye unawatoa mmoja mmoja halafu unajifanya wametoka pamoja."

"Kwa hiyo ni kosa langu?"

"Ni letu. Andika."

Wakaandika. Kabla ya kutoa nakala, Mlango sasa anaangalia nani anamtegemea nani. Anayesomwa na mwenzake hafutwi mpaka asomwe. Wakiwa wanazunguka, huyu anamtaka yule na yule anamtaka huyu, mmoja anawekwa pembeni kwanza, kwa jina jipya la muda. Kwingine kote, usafi wa Fagio unabaki kama ulivyo.

Mteja alifika akitafuta mahali pa kuweka mwavuli. Taa zikapokezana, kijani huku, nyekundu kule, kisha kinyume chake. Akazitazama kidogo, akauliza kama kifaa chake cha zamani kitatosha. Kikatosha. Akaulizia choo kilipo.

Bosi akamwambia Fagio, "Baki hapo hapo," akaenda zake. Ndio pongezi za ofisi ile, usitegemee keki.

Fagio hakuinuka. Aliongeza taa ya tatu mezani. "Zikizunguka tatu je? A ichukue ya B, B ya C, C ya A?"

"Hapo utahitaji majina mawili ya pembeni," Mlango akasema.

"Moja."

"Mawili, dada. Taa zimeongezeka."

"Moja. Ukishaiweka A pembeni, zilizobaki zinapishana zenyewe. Lete kalamu."

"Kalamu ninayo, na ni mawili."

Bosi akafunga mlango wake kwa nguvu. Hawakumsikia.