Kilima cha Nyamache na Swali la Nani Alale Wapi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisi ya kilimo mjini Kisii kabla mlango haujafunguliwa, nikasimama chini ya ukingo wa paa nikiwa nimeshika viatu mkononi ili matope yasivichafue. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sitini, Uhuru ukikaribia. Bwana Shamba wa Wilaya, Mzungu mwembamba mwenye Kiswahili cha kukatakata, alinikuta hapo akaniuliza kama nilikuwa nasubiri maji ya kuoga. Nilivaa viatu kwa haraka hata nikatia cha kulia mguu wa kushoto.

"Unajua mvua?" aliniuliza tulipoingia.

"Ndiyo, bwana. Kwetu inanyesha kila alasiri."

"Kila mtu hapa anajua mvua. Wewe utaipima."

Akanipeleka nyuma ya ofisi kunionyesha kipimamvua, yaani mtungi wa shaba uliofukiwa nusu ardhini, wenye faneli juu na chupa ndani. Kila asubuhi unamimina maji ya chupa kwenye gilasi yenye mistari, unasoma, unaandika, unamwaga. Ni kazi rahisi kwa mtu mwenye moyo mtulivu. Mimi sikuwa na moyo wa aina hiyo. Nilisoma mstari, nikaandika, kisha nikaanza kujiuliza kama jicho langu lilikuwa sawa na maji au lilikuwa juu kidogo, na maji nilikuwa nimeshayamwaga. Nilihangaika na jambo hilo wiki nzima. Tangu hapo nikawa nasoma mara tatu kabla ya kumwaga, na makarani wakanibandika jina la Bwana Mvua.

Cheo changu kilikuwa msaidizi wa hifadhi ya udongo. Nilikuwa nimeishia darasa la nane, wakati wenzangu wengi walikuwa wamepitia chuo cha kilimo. Nilichokijua nilikitoa katika vijitabu vya idara vilivyotupwa kwenye sanduku la kuwashia moto. Nilivisoma na kamusi pembeni, na kwa kuwa hapakuwa na mwalimu wa kuniambia kwamba nimeelewa, sikuwahi kuamini kwamba nimeelewa. Niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa mkubwa yeyote.

Kituo changu cha kwanza nje ya mji kilikuwa Sironga, karibu na Nyamira. Huko tulipima matuta kwa kamba inayofungwa kwenye fimbo mbili, katikati yake kichupa cha maji chenye kiputo cha hewa. Kiputo kikikaa katikati ya kichupa, mnajua mko sawa, mnapigilia kigingi. Juu ya mashamba tulichimba makingamaji, mitaro inayokata mteremko ili maji ya kilimani yageuzwe kando kabla hayajaingia shambani. Mkaguzi wa Kilimo wa huko, mtu mnene mwenye utani, alinivumilia siku nzima nikirudia mstari mmoja, halafu akasema, "Kijana, tuta limenyooka. Liache sasa, wenye shamba wanataka kwenda kula."

Kutoka Sironga nilihamishiwa Nyamache, na huko ndiko kazi yangu ilikonifundisha jambo ambalo halikuwamo katika kijitabu chochote.

Upande mmoja wa soko kulikuwa na kilima chenye mteremko mkali. Juu yake miti ilikuwa imekatwa ili kupanda pareto, lile ua jeupe la kutengenezea dawa ya wadudu, ambalo siku hizo lilikuwa na soko zuri. Chini kulikuwa na maboma kadhaa, na lililokaribia mteremko kuliko yote lilikuwa la Mzee Ombati: nyumba yake na mkewe, na chini kidogo nyumba za wanawe wawili waliooa.

Msimu wangu wa kwanza pale mvua za masika zilikuja nzito. Nikipanda kukagua makingamaji, niliona ufa ardhini juu ya pareto, umepinda kama mdomo wa chungu. Nilikuwa nimesoma habari za ufa wa namna hiyo. Maana yake ni kwamba udongo wa juu umeanza kuachana na mwamba, na maji yakiingia katikati, kipande chote kinaweza kuteremka kwa pamoja. Nilishuka mbio hadi kwa Afisa wa Tarafa, kijana msomi kutoka mkoa mwingine, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile. Hakupoteza muda. Alitoa amri kwamba wote walio chini ya kilima wahamie shuleni jioni ileile.

Walihama. Chumba kimoja tu cha darasa ndicho kilikuwa hakivuji, basi tukawaingiza wote humo, wazee, vijana, akina mama na watoto. Mzee Ombati peke yake alikataa kuingia. Alisimama barazani, mgongo ukutani, mvua ikimpiga miguuni. Nilimsihi mara mbili, akanijibu kwamba yuko sawa. Nikadhani ni ukaidi.

Baada ya siku chache jua lilitoka. Kilima kilikuwa kimesimama palepale. Watu walirudi makwao wakakuta mbuzi wamekula mahindi machanga, na sokoni nikawa kichekesho.

"Bwana Mvua, leo nianike wimbi au nihame?" mama mmoja aliniuliza, akitandaza nafaka yake juani.

"Usipige chafya karibu na kilima," mwenzake akamwonya. "Huyu akisikia atatulaza shuleni tena."

Nilicheka nao, kisha nikaenda nyumbani nikakagua mahesabu yangu upya. Sikuona kosa. Hilo lilinitesa zaidi, kwa sababu kosa ningelisahihisha.

Nilipigilia vigingi pande zote mbili za ufa, jozi kwa jozi, nikawa napima nafasi kati yake kwa kamba. Kiangazi kizima havikusogea. Masika iliyofuata vilianza kuachana. Chemchemi iliyokuwa chini ya boma la Mzee Ombati, ambayo maji yake yalikuwa safi siku zote, ikaanza kutoa maji ya rangi ya chai. Mlango wa nyumba yake ukagoma kufungika, kwa kuwa ardhi chini ya fremu ilikuwa imesogea. Afisa wa Tarafa akatoa amri ya pili.

Safari hii hakutoka mtu. Wote walimtazama Mzee Ombati, kwa kuwa ndiye mkubwa wao, naye alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pake.

Nilimpelekea vipimo vyote. Nilimwonyesha kamba, nikamweleza vigingi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Kilima kitashuka," alisema. "Hata mimi naona."

"Basi twende, mzee."

"Wewe tangulia, kijana."

Nilisikia dhihaka katika maneno yale, na leo nakiri kwamba haikuwamo. Niliisikia kwa sababu niliibeba mwenyewe tangu sokoni. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba hawaniamini kwa kuwa mara ya kwanza kilima hakikuanguka. Nilikuwa pia na hofu ambayo sikumwambia mtu: kilima kikisimama mara ya pili, nitafukuzwa kazi, na kisiposimama, nyumba tatu zile zitakuwa na watu ndani.

Afisa wa Tarafa alikasirika. "Asubuhi nitaleta askari wawabebe," alisema. "Amri si ombi."

Nilitoka pale nikapita chemchemini kutazama maji tena, ingawa nilikuwa nimeyatazama asubuhi na adhuhuri. Nilimkuta Kerubo, mke wa mwana mkubwa wa Mzee Ombati, mtoto mgongoni, akijaribu kuchota pasipo na tope.

"Bwana Shamba," alisema, "unamsumbua mzee bure. Anakuamini."

"Kama ananiamini, mbona haondoki?"

"Mara ile tulilala wapi?"

"Darasani."

"Nani na nani?"

"Watu wote."

"Ehe. Watu wote." Aliweka mtungi chini. "Mimi nilinyonyesha nikiwa nimeelekea ukutani, blanketi kichwani. Na baba mkwe wangu yuko nje ananyeshewa, kwa sababu mimi niko ndani. Alikohoa mpaka mavuno. Unafikiri watu hawakusema ni mimi niliyemtoa nje? Ukiturudisha pale, afadhali nibaki na kilima chenu."

Wasomaji wangu vijana huenda hawajui uzito wa jambo hili. Kwetu Gusii kuna adabu inayoitwa chinsoni, ile haya ya heshima kati ya baba na mke wa mwanawe, na kati ya mama na mume wa bintiye. Baba hata katika nyumba ya mwanawe haingii. Kumwambia mzee alale chumba kimoja na wakwe zake ni kumwambia avue nguo sokoni.

"Kwa nini hamkuniambia?" nilimuuliza.

Kerubo aliinua mtungi wake. "Wewe si Mgusii?"

Nilikuwa Mgusii. Nilikulia ndani ya chinsoni, lakini nilikuwa sijaoa, na vijitabu nilivyovipenda havikuwa na ukurasa wake. Nilidhani hatari ikija, mambo ya namna hiyo hujiweka kando yenyewe.

Nilirudi kwa Afisa wa Tarafa nikamweleza.

"Kilima kinaanguka na ninyi mnagawana vyumba?" alisema.

"Ndiyo, bwana. Tukigawa, watatoka. Tusipogawa, askari wako watabeba wazee asubuhi, na jioni wazee watakuwa wamerudi makwao."

Alitafuna kalamu yake kidogo. "Sema unataka nini."

Nilitaka kanisa kwa ajili ya wazee wanaume. Nilitaka madarasa kwa akina mama na watoto, na yale yaliyovuja tuyazibe kwa maturubai ya idara. Vijana waliooa wangelala kwenye banda la kukaushia pareto, ng'ambo ya uwanja. Afisa aliandika vibali bila kuuliza tena, na kabla jua halijazama nilikuwa mbele ya kigoda cha Mzee Ombati.

"Mzee, wewe utalala kanisani na wazee wenzako. Wake za wanao shuleni. Vijana kwenye banda la pareto. Milango haitazamani."

Alisimama, akatia kigoda chake kwapani.

"Na ng'ombe?" aliuliza.

Sikuwa nimewafikiria ng'ombe. Mwenye kichinjio sokoni alitupa zizi lake, na Mzee akasema ni mara ya kwanza ng'ombe wake kwenda kichinjioni wakiwa na nafasi ya kurudi. Watu wa boma lake walipoanza kushuka njiani, wa maboma mengine wakafuata bila kuitwa.

Kilima kilishuka asubuhi iliyofuata, watu wakinywa uji. Mlio wake ulikuwa kama lori linalomwaga kokoto, ila lori humaliza. Tulipotoka kutazama, nyumba tatu za Mzee Ombati hazikuwapo. Palikuwa na udongo mwekundu mtupu hadi mtoni, na shina la mgomba limesimama wima mahali ambapo halikupandwa.

Mzee Ombati hakwenda kutazama udongo. Alivuka uwanja hadi shuleni, akasimama kwenye ua, akageuza mgongo wake kuelekea madarasa ili asiwaone wakwe zake. Akaanza kuita. Aliita wajukuu kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akaitika kutoka ndani. Aliita mke wa mwanawe mdogo kwa jina la mtoto wake, akaitika. Mwisho akaita, "Mama Moraa?"

"Nipo, tata," Kerubo alijibu, akimwita baba kwa Kigusii.

"Haya," alisema, akaenda kutafuta ng'ombe wake.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Katika miaka ya sabini nilikuwa Mosocho, kisha nikarudi makao makuu Kisii kufundisha wasaidizi wapya. Mkubwa mmoja kutoka mkoani alinirudishia taarifa yangu ya tahadhari akisema, "Sehemu ya mvua ni nzuri sana. Lakini mbona ukurasa mzima ni mambo ya kulala?" Nilimwomba auache ukurasa huo ulivyo. Ule wa mvua ndio niliokuwa tayari kuufupisha.

Sasa nimestaafu. Wasiwasi wangu haukustaafu nami. Bado nina kipimamvua uani na bado nasoma mara tatu. Redio hunisomea habari za pwani za mbali, ambako watu huonywa kwamba tufani inakuja baharini, huamriwa wahame, na baadhi hukataa. Mtangazaji husema ni wakaidi, au hawaamini wataalamu. Huenda wapo wa namna hiyo. Mimi sijaishi pwani na sijui adabu za huko. Lakini kijana yeyote wa idara akinijia na habari kwamba watu wamekataa kuhama, simuulizi walisema nini juu ya mvua. Namuuliza aliwaambia waende wapi, pana milango mingapi, na baba mkwe amepangiwa upande gani.