Abigaël na Usukani Uliogoma Siku ya Matokeo

Saa nne asubuhi, ndani ya ua mmoja wa mtaa wa Mudzipela mjini Bunia, miguu miwili imetokeza kwenye mlango wa gari la mbio la rangi ya manjano. Mmoja una ndala, mwingine hauna. Mwenye miguu hiyo amelala chali chini ya usukani, tochi mdomoni, na hataki kusemeshwa.

Nje ya ua, mji umepagawa. Matokeo ya mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza sekondari, yametoka. Vijana waliofaulu wamepakwa poda nyeupe kuanzia nywele hadi viatu. Wanapita juu ya pikipiki huku honi zikilia, na akina mama wanapiga vigelegele mpaka sauti zinakauka.

Vanessa naye amefaulu, tena ana poda hadi kwenye kope. Lakini amekwama nyumbani. Baba yake, Eugène, muuza vipuri aliyehamia kutoka Butembo, alimwahidi kwamba akifaulu atamzungusha mji mzima katika gari hilo. Sasa gari haliwaki, na usukani umejifunga, haugeuki kushoto wala kulia.

"Ikifika midi, saa sita kamili, tunakata," anasema Eugène, akionyesha mashine ya kukatia chuma. "Mutoto wangu hatatembea kwa miguu leo."

Sauti inamjibu kutoka chini: "Papa Vanessa, ukikata hapa, hii volan, huu usukani, itabakia ya kupamba nyumba. Niache kwanza!"

Ni sauti ya Abigaël, fundi wa kufuli katika soko kuu. Ana miaka ishirini na sita, na kicheko chake husikika vibanda kadhaa mbele. Huchonga funguo, hufufua kufuli zilizooza kwa kutu, na kwa kazi hiyo huwalisha mama yake na wadogo zake wanne katika chumba kimoja cha kupanga. Gari hakuwahi kulitengeneza hata siku moja.

Aliyemwita ni mzee Kamate, makanika wa Eugène. "Mashine ninaijua," anasema Kamate. "Lakini ile kitu iko inakamata volan ni kufuli. Nikasema, kufuli iko na mwenyewe."

Kufuli yenyewe ni kisanduku kidogo kilichobanwa kwenye mhimili wa usukani. Ndani yake kuna mota ndogo inayosukuma na kuvuta pini ya chuma. Pini isipotoka, usukani haugeuki, na gari nalo linakataa kuwaka.

Jaribio la kwanza lilikuwa kioja. Abigaël alikigonga kisanduku, nyundo ikateleza ikapiga nyaya za jirani, na honi ikaanza kulia bila kukoma. Mbwa wakabweka. Majirani wakamiminika uani wakidhani sherehe imeanza, mmoja akiwa na kopo zima la poda. Kamate ikambidi akimbie kuchomoa betri.

"Niliona haya, lakini nilicheka sana," Abigaël anasimulia.

Eugène hakucheka. Aliinama kuichukua ile mashine ya kukatia. Abigaël akamwomba Kamate arudishe betri, kisha Vanessa abonyeze kitufe cha kuwasha. Akaegemeza sikio kwenye mhimili.

Tik. Kimya. Tik.

"Mota haikufa!" akapiga kelele. "Inajaribu kuvuta, lakini pini imebanwa. Iko sawa mulango ya mbao wakati ya mvua. Ukigeuza ufunguo tu, hapana. Unasukuma mulango kwanza!"

Kamate akatazama matairi ya mbele, akajipiga kwenye paji la uso. Gari lilikuwa limeegeshwa likiwa limekata kona, tairi moja limegandamia ukingo wa mtaro. Uzito wote ulikuwa unarudi kwenye pini.

"Njo pale kunabana!" akasema. "Tuinue mbele!"

Jeki ikaletwa. Magurudumu yakaning'inia hewani. Kamate akaushika usukani na kuutikisa polepole. Abigaël akarudi chini, mkono mmoja ukikandamiza breki, mwingine ukigongagonga kisanduku kwa mpini wa bisibisi.

"Vanessa, fyata kitufe!"

Tik. Tik. Kisha ikasikika *klak*, kavu na safi. Injini ikanguruma kwa nguvu hata Abigaël akajigonga kichwa. Ua mzima ukalipuka kwa vigelegele, na jirani wa kopo la poda akammwagia yeyote aliyekuwa karibu, Eugène akiwemo.

"Musizime!" Kamate akafoka. Wangezima, pini ingerudi. Akachomoa fyuzi ya ile kufuli wakati pini bado iko nje, ili mota isiweze kuisukuma tena. Wakashusha gari chini.

"Sasa zima," akasema.

Hakuna aliyetaka kuzima. Mwishowe Eugène mwenyewe akabonyeza. Kimya. Akashika usukani kwa vidole viwili, ukageuka kama mwiko kwenye uji. Akabonyeza tena, na gari likawaka. Mtu mzima yule akamkumbatia makanika wake, wote weupe kama unga wa muhogo.

"Dada Abi, ingia!" Vanessa akamvuta. Walibanana katika kiti kimoja, wakateremka bulivadi, barabara kuu ya mji, huku watu wakiwapungia mikono. Katikati ya kelele hizo, Vanessa akauliza: "Na weye, siku yako ulipata pourcentage ngapi ku mutihani?"

Abigaël akamweleza. Alikuwa darasa la mwisho huko Bule, eneo la Djugu, vita vilipowafukuza. Mtihani hakuufanya.

"Kumbe?" Vanessa akashangaa. "Mu centre yetu ya mutihani balikuwa bamama wazima, banafanya kama autodidacte, bila kukaa ku masomo. Na weye utafanya!"

Hakuwa anatania. Sasa kila Jumapili baada ya ibada, Vanessa humfundisha hesabu, na Abigaël anajiandaa kujiandikisha kwa mtihani ujao. Kifaransa hakimtishi. Hesabu za sehemu ndizo zinazomtoa jasho.

Akipata diploma, anataka kusomea ufundi wa umeme wa magari, na amani ikirudi afungue karakana yake Bule.

"Siku tulikimbia, mama alisema kila mutu abebe kile anaweza," anasema, akipuliza vumbi la shaba kwenye ufunguo mpya. "Mi nilibeba mudogo wangu mugongoni. Masomo niliacha kule. Sasa mudogo anatembea mwenyewe, na mi mikono yangu iko huru."