Saa ya Kabula

Sisi tuliosoma shule ya msingi pale Mpanda miaka ya tisini, kabla minara ya simu haijafika, tulikuwa tunaujua wakati kwa kuuliza. Watoto wa siku hizi wakiamka, simu imeshajirekebisha yenyewe, imeshaongea na tableti na kompyuta ya mama, zote zinasema dakika ileile, na bado wanachelewa shule. Nawaonea wivu, sifichi. Lakini wivu wa mambo ya saa sikuuanza leo.

Darasa la sita nilikuwa kiranja wa kengele. Kengele yetu ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo. Unaigonga kwa nondo, mtaa mzima wa Majengo unajua watoto wanatoka. Muda nilikuwa nauchungulia kwenye dirisha la ofisi ya walimu, penye saa ya mezani ya kujaza kwa ufunguo. Nilijiona mtu mkubwa. Hata mapumziko, wenzangu wakikaa chini kula karanga, mimi nilikula nimesimama, nondo mkononi.

Kabula alikuja muhula wa pili. Wazazi wake walikuwa wafugaji waliotoka Usukumani na ng'ombe wao wakatua kijijini Mwamkulu, na yeye akaletwa mjini akae kwa shangazi yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tukawa marafiki wiki ileile. Rede alicheza vizuri kuliko sisi wote, ule mpira wa soksi humpati hata umvizie vipi. Alinifundisha kuhesabu kwa Kisukuma, nami nikamfundisha matusi madogo madogo ya Kipimbwe, lugha ya kwetu, ambayo mama hakujua kwamba nayajua.

Halafu akawa wa kwanza darasani. Jumamosi moja baba yake akaja na baiskeli, akamvalisha saa ya dijitali. Nyeusi, mkanda wa plastiki, ukibonyeza inawaka taa ya kijani. Tulisukumana kuiona. Ilisoma Kizungu, ikiandika moja sisi tunasema saa saba, na Kabula alizigeuza zile saa kichwani haraka mpaka walimu wakawa wanamsimamisha njiani: "Kabula, saa ngapi?" Mimi kiranja wa kengele nimesimama hapohapo, hakuna anayeniuliza.

Kilichonimaliza kabisa kilikuwa redio. Mchana tukirudi kula, kabla ya taarifa ya habari ya saa saba, redio ililia pi, pi, pi. Kabula alikuwa ameshapiga magoti mbele ya redio ya shangazi yake, kidole kwenye kitufe. Mlio wa mwisho ukitoka, anabonyeza, na sekunde zinaanzia sifuri.

"Zimekwenda sawa!" anapiga kelele. "Ana, njoo uone, sawa na Dar es Salaam!"

Nilikwenda, nikaona, nikacheka naye. Nikirudi nyumbani nausukuma kando ugali na samaki wetu wa migebuka.

Haikupita muda, saa ya ofisini ikakatika springi. Mwalimu wa zamu akatuita wote wawili. "Kabula, wewe una saa. Shika nondo."

"Na mimi, mwalimu?"

"Anastazia utasimamia usafi wa vyoo."

Asubuhi iliyofuata, baada ya mstari, tulikuwa uwanjani tunacheza rede tukimsubiri mwalimu wa hesabu. Zamu ya Kabula ikafika, akavua saa. "Nishikie, Ana." Nilikuwa nimemtazama anavyobonyeza wiki nyingi. Nikageukia ukuta, nikashikilia kitufe cha kushoto mpaka namba zikaanza kuwaka na kuzima, kisha nikaisogeza mbele dakika ishirini na tano. Niliwaza tu kwamba atagonga kengele ya mapumziko mapema, watu wamcheke, nondo irudi kwangu.

Tukaingia darasani. Mwalimu wa hesabu akaandika ubaoni: jaribio, maswali hamsini, dakika tisini mpaka kengele ya mapumziko. Kabula akakaa karibu na mlango ili awahi kengele.

Nilikuwa nafanya hesabu huku nikimwangalia mkono. Nilijua kitakachotokea, nikaendelea kuandika. Nikiwa swali la thelathini na moja akainuka, akatoka, ringi ikalia. Mwalimu akakusanya karatasi, darasa zima linalalamika. Hakuna aliyemaliza, hata mimi.

Mwalimu mkuu akatokea, saa yake mkononi. "Nani amefunga jaribio sasa hivi?"

Kabula alichapwa viboko vinne mbele yetu. Aliniangalia mara moja tu, akaangalia chini. Nondo ikarudi kwangu, na baba yake aliposikia akaja, akaivua ile saa akaivaa mwenyewe. "Saa ni kitu cha mtu mzima," alisema.

Siku tatu niligonga ile ringi bila raha yoyote. Siku ya nne nikamweleza mama. Hakunipiga. Alifuta mikono kwenye khanga, akaniambia, "Utakwenda mwenyewe. Mimi sikubonyeza."

Nikamkuta Kabula uani anachambua mchele. Nikamwambia yote kwa pumzi moja.

"Nilijua," akasema. "Nilipoivaa niliona imekuwa ya moto na kioo kina alama ya kidole chako. Nikafikiri ulikuwa unaichezea tu. Nilipokuwa nachapwa ndipo nikaelewa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimeshachapwa. Tuchapwe wawili ili iweje?"

Akanisogezea ungo nisaidie kuchambua. Mpaka leo ule moyo wake nauonea wivu kuliko saa.

Kiangazi hichohicho malisho yakaisha. Baba yake akahamisha ng'ombe kuelekea kijiji cha Mamba, akampitia binti yake. Tuliagana barabarani, vumbi la ng'ombe likatufunika wote, na hatukuwa na kitu cha kupeana.

Juzi mwanangu alininunulia simu. Akailaza kando ya ile ya zamani, akasema, "Mama, usiguse, zinahamishiana vitu." Ikagoma. Ikaanza upya, ikagoma tena, yeye anatukana mtandao kama mtu aliyeibiwa, na mimi nacheka. Mara ya tatu ikakubali. Picha zikavuka, majina yote yakavuka, kila mtu akakaa mahali pake.

Mwanangu ana rafiki aliyehamia Mwanza wakiwa darasa la tatu. Wanagombana asubuhi, jioni wameshaombana radhi kwa vikatuni vya simu, wala hawajui ni bahati gani waliyo nayo. Kwao mtu anahama na namba yake. Kwetu, nyie mnajua, mtu akihama alikuwa amehama kweli.